Boti Nzima kwa Siku Moja: Kumsubiri Papa Potwe wa Mafia

Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, samaki mkubwa kuliko wote duniani hula karibu kabisa na Kilindoni, makao makuu ya wilaya ya kisiwa cha Mafia, Tanzania. Kumfuata hakuhitaji meli wala safari ya kulala baharini. Asubuhi bahari ikiwa shwari boti hutoka pwani, na baada ya nusu saa, pengine hata kabla, baharia aliyesimama omo hunyoosha mkono: pezi la mgongoni limekata maji, na nyuma yake ncha ya mkia inapinda polepole. Ndiye papa potwe. Anaweza kufika urefu wa mita 18, ingawa wanaoonekana Mafia wengi ni madume wachanga, wa mita 6 au 7 hivi, ambao bado ni warefu kuliko baadhi ya boti zinazowafuata.

Wageni wengi humwendea kwa boti ya kuchangia. Wanapandishwa watu wasiojuana, muda wao umepangwa, na kila mmoja amelipa nauli akiwa na picha moja kichwani anayotaka kurudi nayo. Nashauri kwa moyo wote kwamba anayeweza akodi boti nzima kwa siku nzima. Sizungumzii yoti yenye vyumba vya kulala na mpishi. Nazungumzia boti ya faiba au mashua ya mbao yenye injini na turubai la kivuli, nahodha mmoja, baharia mmoja au wawili, na familia au kundi la marafiki waliogawana gharama. Kikubwa wanachokinunua pale ni muda. Aliyekodi boti peke yake anaweza kumwambia nahodha azime injini, watu wanyamaze, wangoje. Anaweza pia kumwacha papa mmoja aende zake kwa sababu tayari ana boti mbili ubavuni, na asione kwamba amepoteza fedha.

Haraka ndiyo inayoharibu matembezi haya kwa mnyama na kwa binadamu. Nahodha mwenye abiria kumi na wawili wanaotaka kurudi hotelini mapema hubanwa. Anamwona papa, anamkimbilia, anamkatia njia kwa mbele, watu wanaruka kwa kishindo, na papa anazama. Wanapandishwa tena, wanamfukuzia mwingine. Ikitokea hivyo mara tatu kwa asubuhi moja, kwa boti nne au tano, papa anapoteza saa zake za kula, na watu wanaondoka wakiwa wameona mkia tu. Hilo nimelishuhudia na liliniuma, kwa sababu dakika chache za subira zingetosha kuwapa wote walichokijia.

Papa potwe hajaja Kilindoni kwa ajili yetu. Upande wa magharibi wa Mafia unatazamana na delta ya Rufiji, penye msitu wa mikoko ulioungana mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki. Mto unashusha udongo na rutuba kutoka bara, mikoko inaongeza majani yake yanayooza, na mlango wa bahari kati ya kisiwa na bara unageuka shamba la vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo vinaliwa na kamba wadogo sana, warefu kama punje ya mchele, ambao msimu ukifika hukusanyika kwa wingi karibu na uso wa maji. Dagaa nao huvifuata. Papa potwe huja kwa kamba hao na samaki hao. Mdomo wake una upana unaozidi mita moja, meno yake ni madogo yasiyo na kazi ya kutafuna, na chakula chake chote anakichuja kwa mashavu huku maji yakitoka.

Ndiyo maana maji ya hapo si yale ya buluu yanayopigwa picha za kadi. Ni ya kijani, yamejaa uhai, na mara nyingi huoni mbali zaidi ya mita chache. Mgeni aandaliwe kwa jambo hili mapema. Unapoingia majini ukatazama mbele, huoni kitu ila ukungu wa kijani wenye chembe zinazoelea. Halafu sehemu ya ukungu ule inakuwa nyeusi zaidi, inapanuka, na unatambua kwamba unatazama kinywa. Kichwa ni kipana na bapa, macho madogo yako pembeni kabisa, na mgongo mzima umetapakaa madoa meupe yaliyopangwa kwa mistari. Mbele ya mdomo mara nyingine huogelea makolekole wachanga wa rangi ya manjano, chini ya tumbo wamejishikiza chazo, na papa mwenyewe hajali. Anapita. Kuna anayelia ndani ya miwani, na kuna anayesahau kupumua kwa mrija. Sijamwona aliyetoka majini bila kubadilika sura.

Nahodha mzuri hufanya hivi: humtazama papa kwa muda ili ajue anaelekea wapi, huzunguka kwa mbali, huiweka boti mbele na pembeni ya njia yake, kisha huondoa injini kwenye gia. Abiria huketi ukingoni na kuteleza majini taratibu, wakiwa pamoja, nyuso chini. Hakuna anayemwogelea papa kwa mbele. Kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani ni kukaa angalau mita 3 kutoka mwilini na mita 4 kutoka mkiani, kutomgusa hata kidogo, na kutotumia taa ya kamera. Mita nne za mkia zina maana yake. Mkia ule ndio injini ya mnyama wa tani kadhaa, na ukimpiga mtu kwa bahati mbaya ataumia. Papa akiwa anakula kwa utulivu, wakati mwingine husimama wima, mdomo juu, akivuta maji kwa mkupuo. Hapo mtu haogelei popote. Anaelea mahali pamoja na kutazama kwa dakika nyingi, jambo lisilowezekana kama boti nyingine tatu zinanguruma juu ya kichwa.

Yako mambo ya kisayansi ambayo ningependa kila nahodha wa Kilindoni awe anawasimulia abiria wake. La kwanza ni kwamba madoa ya papa mmoja hayafanani na ya mwingine. Mwaka 2005 watafiti walichapisha njia ya kuwatambua kwa kutumia hesabu zilizobuniwa awali na wanaastronomia kwa kulinganisha picha za nyota. Kinachotakiwa ni picha ya ubavu, hasa wa kushoto, nyuma ya mashavu. Kwa hiyo picha ya mgeni wa kawaida, ikiwa na tarehe na mahali, inaweza kuonyesha kwamba papa huyu ndiye yule yule aliyekuwapo miaka kadhaa nyuma.

La pili linahusu walikokuwa wakidhaniwa kwenda. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba msimu ukiisha papa hawa husafiri mbali. Utafiti uliochapishwa 2015, uliotumia vifaa vidogo vya kutoa sauti vilivyofungwa kwenye miili ya papa wa Mafia, ulionyesha kwamba wengi wao hawaondoki. Wakati wa kusi husogea nje kidogo na kukaa chini zaidi, ambako macho ya walio juu hayawafikii. Ni wakazi. Hilo linabadilisha mzigo wetu, kwa kuwa ukimwumiza mgeni apitaye unaweza kudhani wako wengine watakaokuja, lakini wakazi akipungua mmoja pengo lake linabaki palepale.

Hapa ndipo ilipo sehemu ya habari hii ninayoona haisemwi vya kutosha. Mafia ina Hifadhi ya Bahari, ya kwanza ya aina yake Tanzania, iliyoanzishwa 1995 kwa sheria iliyopitishwa mwaka uliotangulia. Ina kilomita za mraba 822, vijiji vyenye watu vimo ndani yake, na ilizaliwa kutokana na vita halisi: uvuvi wa baruti uliokuwa unasambaratisha matumbawe, na uchimbaji wa matumbawe kwa ajili ya chokaa na ujenzi. Lakini hifadhi hiyo imekumbatia zaidi kusini na mashariki ya kisiwa. Maji ya mbele ya Kilindoni, anakokula papa potwe, yako nje ya mipaka yake. Mnyama anayeleta wageni wengi msimu wa kaskazi anaishi kwenye maji ya wavuvi.

Na wavuvi hao wanafuata chakula kile kile. Nyavu za kuzungushia dagaa hutupwa mahali ambapo papa potwe naye yuko mezani, hivyo mara kwa mara huzungushiwa pamoja na samaki. Wavuvi wa Kilindoni wameizoea hali hiyo. Hushusha upande mmoja wa wavu au huufungua ili atoke, na wavu ukichanika hasara ni yao. Hawana haja ya kumuua. Nyama yake haina soko pale, na kuwapo kwake ni dalili njema kwa mwenye wavu. Hata hivyo kumtoa mnyama wa tani kadhaa ni kazi ya muda, na dagaa wanaoponyoka wakati huo ni kipato cha watu waliokesha. Ningependa msafiri aliyekodi boti alitazame jambo hili kwa macho yake: boti ya utalii upande huu, boti ya wavuvi upande ule, na papa mmoja katikati. Anayemlinda zaidi kwa siku ya kawaida ni yule mwenye mikono yenye sugu anayefungua wavu bila kulipwa.

Kwa sababu hiyo nampendelea nahodha aliyewahi kuvua. Anajua kusoma membe wanaopiga mbizi, anajua mkondo, anamjua mwenye wavu kwa jina na hampitii juu ya maboya yake. Boti mbili zinapokutana husalimiana, huulizana ya usiku, na mvuvi huonyesha kwa kidole papa walikoonekana alfajiri. Ukimlipa nahodha wa namna hiyo, mgao wa fedha yako unabaki Kilindoni. Muulize kabla ya kukubaliana: boti ni ya nani, mabaharia wanatoka wapi, jaketi okozi zipo ngapi, na je, yuko tayari kuondoka kwa papa kama boti zimezidi? Jibu la swali la mwisho litakueleza mengi.

Nchini Ufilipino, mahali paitwapo Oslob, papa potwe hulishwa kwa mkono kila asubuhi ili watalii wawaone bila kusubiri. Wageni ni wengi na fedha ni nyingi, lakini papa wamejifunza kuzifuata boti, na miili yao ina makovu yanayotokana na kuzigusa. Mafia haijafika huko, na naomba isifike. Papa wetu bado wanatafuta chakula wenyewe, na siku nyingine hawaonekani kabisa. Nahodha atakayekuahidi kwa asilimia mia anakudanganya, na fedha iliyolipwa siku ambayo papa hakuonekana imelipa kazi halali ya kutafuta.

Siku nzima ina zaidi ya papa, na hapa suala la maji lazima lijulikane. Pwani yetu, siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupwa sana kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi na hujaa tena jioni, na tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Kwa hiyo siku za bamvua asubuhi ya mapema ni ya papa, na baada yake boti huelekea fungu la mchanga la Mange, kusini magharibi, ambalo huinuka likiwa jeupe katikati ya bahari. Hakuna nyumba wala mti. Kuna kaa wanaokimbia kwenye mashimo, kuna membe wengi, na kuna ndege weupe wenye migongo myeusi na miguu mirefu ambao chakula chao ni hao kaa. Watu washuke upande ulio mbali na ndege. Kundi likirushwa mara moja hurudi, lakini likirushwa kutwa huacha kupumzika, na wengine wamesafiri kutoka ghuba za Uarabuni kuja kupumzika hapa.

Chakula huliwa hapo: wali wa nazi, nguru au changu wa kuchoma, embe kwa kuwa ni msimu wake. Takataka zote zirudi botini.

Pembezoni mwa fungu kuna matumbawe, na hapa maji ni maangavu. Anayevaa miwani ya kuzamia na mrija kwa mara ya kwanza aanzie penye kina cha kiuno, asimame, ainamishe uso, ajifunze kupumua kwa mdomo bila kushtuka. Mate kidogo kwenye kioo cha miwani huzuia ukungu. Asiyejua kuogelea asione haya. Jaketi okozi litamwelesha, na kwa kuwa kazi yote ni kutazama chini, kuelea kunatosha. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu Watanzania wengi, hata tuliozaliwa pwani, hatukufundishwa kuogelea, na tunabaki botini tukishika simu za wenzetu. Mikono na magoti visiguse mwamba, na mapezi ya miguuni yasipige matumbawe. Kipande kinachovunjika kwa sekunde moja kilijengwa kwa miaka. Badala ya kujipaka mafuta ya kuzuia jua, ambayo baadhi yana kemikali zinazodhuru matumbawe, vaa shati la mikono mirefu na suruali nyepesi. Nchi ya Palau imezipiga marufuku kemikali hizo tangu 2020. Shati linakinga zaidi, na linafaa pia unapopita vijijini Mafia, penye watu wanaopenda heshima ya mavazi.

Chini pale utawajua samaki uliozoea kuwaona sokoni wakiwa wamepoteza rangi. Pono wa kijani na waridi anang'ata mwamba, na ukitulia unausikia mlio wa meno yake. Mchanga mweupe anaoutema ni sehemu ya fungu ulilolia chakula. Kitatange huenda wawiliwawili. Tasi huchunga majani kwa makundi. Chewa amejificha chini ya kizingiti, na taa amejifunika mchanga yakabaki macho tu. Ukibahatika utamkuta kasa akipanda kuvuta pumzi. Mwachie njia ya juu iwe wazi, kwani hewa anayoifuata ni ile ile unayoivuta wewe.

Matumbawe haya hayako salama. Mwaka 1998 joto la bahari lilipopanda katika Bahari ya Hindi, matumbawe mengi ya Mafia, kama yalivyokuwa ya Zanzibar na Kenya, yaligeuka meupe na kufa. Tumbawe ni mnyama anayeishi na mwani mdogo ndani ya mwili wake. Maji yakizidi joto kwa wiki kadhaa humtapika mwani huyo, na bila yeye hukosa chakula. Sehemu nyingi zimeota upya, hasa ambako samaki walao majani hawakuvuliwa hadi kwisha, maana pono na tasi ndio wanaosafisha mwamba ili tumbawe changa lipate pa kushika. Mwaka 2016 joto likarudi. Kila ninapoelea juu ya matawi yake ya zambarau na ya kahawia nataka kumwonyesha mtu, yeyote, kabla joto jingine halijaja.

Ukiwa na nguvu bado, alasiri vuka kisiwa kwa gari hadi Utende, kiasi cha kilomita 15 kutoka Kilindoni, uchukue mashua kwenda kisiwa cha Chole. Kuna magofu ya boma kutoka siku ambazo Wajerumani walikuwa hawajahamishia makao yao Kilindoni, yamekumbatiwa na mizizi. Kuna popo wakubwa wanaokula matunda, ambao jamaa zao wako visiwa vya Komoro. Wananing'inia juu ya miti mikubwa na kuanza kuruka magharibi inapokaribia. Wasitupiwe mawe ili waruke kwa ajili ya picha.

Nguva simtaji katika orodha ya vya kuona. Maji kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa ndiyo kimbilio lake la mwisho linalojulikana Tanzania, na mvuvi anaweza kumaliza miaka asimwone. Nyangumi ni jambo la msimu mwingine: Agosti hadi Oktoba hupita nje ya kisiwa wakiwa na watoto wao, bahari ikiwa bado na mawimbi ya kusi.

Gharama ya boti nzima ni kubwa kwa mfuko wa mmoja, ila ikigawanywa kwa watu wanane au kumi inakaribiana na mchango wa harusi moja mjini, na raia hulipa ada ndogo zaidi ya mgeni anapoingia hifadhini. Kutoka Dar es Salaam ndege huchukua kama nusu saa. Asiyetaka kuruka hupanda boti Nyamisati, upande wa bara. Novemba, kaskazi ikiwa haijashika nguvu, bahari huwa tulivu zaidi.

Nina ombi moja kwa wenye boti wa Kilindoni na kwa idara ya elimu ya wilaya. Msimu una siku ambazo wageni hawapo na boti zimelala mchangani. Siku hizo wachukueni wanafunzi wa shule za msingi, wachache kwa zamu, mkiwavisha jaketi okozi na miwani, mwalimu akiwamo. Wengi wa watoto hao humwona papa potwe akiwa wavuni au wanalisikia jina lake tu kutoka kwa baba. Miaka kumi tu ijayo baadhi yao watakuwa wenye nyavu na manahodha, na watakaoamua kama upande wa wavu ushushwe au la ni wao. Lita za petroli zinazohitajika kwa safari hiyo fupi ni chache, na wageni tunaokodi boti nzima tukiombwa kuchangia galoni moja juu ya bei, tutatoa.